Nyuni na jedwali langu la majini

Najua niliahidi sehemu ya pili ya somo la hifadhidata, na wawili watatu wameniandikia baruapepe kuuliza limeishia wapi. Litakuja. Leo naomba mnivumilie kidogo, nataka kuzungumza juu ya majini. Ndiyo, majini! Na hifadhidata imo humo humo, kwa hivyo sijapotea njia sana :-)

Kisa kilianza hivi. Mimi na rafiki zangu wawili hapa Mombasa tumekuwa tukitengeneza gemu la simu nyakati za usiku, baada ya kazi zinazotulipa. Tulichoshwa na gemu zenye majoka ya Ulaya yanayotema moto na majitu yanayoishi kwenye theluji. Nani kati yetu amewahi kukanyaga theluji? Pwani hii ina viumbe wake, wa kutisha kuliko hao, na kila mtoto aliyekulia huku anawajua kabla hajajua kusoma. Kwa kuwa mimi ndiye niliyesomea sayansi ya kompyuta na ndiye mwenye mapenzi ya kupanga vitu, nikapewa jedwali la viumbe. Lilikuwa na safu tano: jina, umbo, makazi, nguvu, udhaifu. Hiyo ya mwisho ndiyo muhimu, maana gemu lisilokuwa na njia ya kumshinda adui si gemu, ni mateso.

Mistari ya kwanza ilijaa haraka. Jini mwanamke mzuri wa uso, ukitazama chini unaona kwato. Kinyamkela, yule wa upepo wa kisulisuli unaozunguka na kubeba majani makavu. Subiani, anayesingiziwa mimba zinazoharibika. Popobawa wa Pemba, ambaye jina lake limetokana na kivuli cha bawa la popo. Mwaka 1995 alizua hofu kubwa Pemba ikavuka hadi Unguja na Dar es Salaam, watu wakawa wanalala nje kwa makundi wakiota moto. Halafu kuna pepo wenye makabila: wa Kiarabu, wa Kimasai, wa Kihabeshi, kila mmoja na lugha yake, nguo yake, chakula chake na mdundo wake wa ngoma. Nikaona hapa patahitaji jedwali la pili na kiungo kati yake na la kwanza. Nilifurahi kama mtoto.

Niliyempenda zaidi ni Katsumbakazi. Huyu ni pepo wa Wagiriama, na ameandikwa zamani. Mmishonari Mwingereza W. E. Taylor alimweka katika kamusi yake ya Kigiriama ya mwaka 1891, na Alice Werner akamrudia katika kitabu chake cha mwaka 1933. Katsumbakazi ni mfupi sana, na ufupi wake unamuuma. Ukikutana naye mchana anakuuliza, umeniona wapi? Ukijibu nimekuona hapa hapa, umekwisha, kwa sababu umemwambia kwamba haonekani mpaka mtu awe karibu. Lakini ukijibu nimekuona kuleee mbali, anakuacha uende zako, na pengine bahati njema inakufuata. Hebu fikiria, adui unayemshinda kwa adabu! Kwenye safu ya udhaifu nikaandika "kujiona mfupi", nikajipongeza.

Basi Desemba 2024 nikaenda nyumbani Junju na kompyuta yangu begani. Kwa wasiopajua, unatoka Mombasa kwa barabara kuu ya Malindi, unapita mashamba ya mkonge ya Vipingo, kisha unaacha lami na kuingia ndani kwa bodaboda. Minazi, mikorosho, mahindi. Nilikuwa na mtaalamu wangu huko: Hawe, yaani bibi yangu mzaa baba, ambaye kwa majini hakuna wavuti inayomfikia.

Hawe alikaa kwenye mkeka chini ya mwembe, mimi kwenye kiti na mashine mapajani. Alifurahi sana kuulizwa. "Mume wangu," akasema, maana ndivyo anavyoniita tangu nizaliwe, "miaka yote hiyo ya shule na sasa ndiyo unakuja kusoma?"

Alinirekebisha mengi. Kubwa zaidi lilikuwa ile safu yangu ya mwisho. Nilipomuuliza udhaifu wa pepo wa Kiarabu ni nini, hakuelewa swali. Nikamfafanulia: anauawa na nini? Akacheka mpaka akajifuta macho kwa leso.

"Pepo hauawi. Pepo hana udhaifu, ana haja."

Kisha akanieleza. Pepo akimpanda mtu, huyo mtu ni kiti chake. Hamumfukuzi kama mwizi. Mnampunga. Mnapiga ngoma moja baada ya nyingine mpaka mgonjwa aitikie mdundo mmoja, hapo mnajua ni wa kabila gani. Mnamuuliza jina, mnamuuliza anataka nini. Marashi? Kitambaa cheupe? Mnakubaliana, mnampa, naye anatulia. Kwa lugha yetu sisi watengenezaji programu: huandiki msimbo wa kuifuta programu ngeni, unatafuta itifaki yake mpaka mzungumze. Nikaifuta safu ya "udhaifu" pale pale, nikaandika "haja". Gemu zima likabadilika jioni hiyo, na rafiki zangu nilipowapigia simu walinipigia kelele, lakini walikubali.

Tukaendelea mpaka nikafika kwenye mstari uliosema "nyuni".

Nyuni ni neno la kale la ndege, wapenzi wa mashairi wanalijua. Kwa Kimijikenda huyu ninayemsema huitwa pia nyama wa dzulu, mnyama wa juu. Bara Hindi sijui wanamwitaje, lakini ukishuka kusini mpaka Bagamoyo utamkuta anaitwa dege, na ugonjwa wake degedege. Ni pepo mwenye umbo la ndege. Hapandi mtu mzima, hataki marashi, hana ngoma. Anapita juu, na kivuli chake kikimwangukia mtoto mdogo, mtoto anakakamaa, macho yanageuka juu kana kwamba anamtafuta huyo aliyempita, mikono na miguu inatukutika, povu linatoka. Mimi nilikuwa nimeshamchorea mabawa mapana na macho mekundu.

Hawe alinyamaza. Akaokota jani la mwembe akawa analikunja.

"Huyo usimwandike."

Nikajua kwa nini, na nikaona aibu kwamba sikuwa nimefikiri kabla ya kuuliza. Au labda nilikuwa nimefikiri. Sijui.

Nilikuwa na miaka saba. Ilikuwa Juni 2004, mvua za masika zimeisha, madimbwi bado yapo. Mdogo wangu alikuwa na miaka mitatu. Alishinda na homa kutwa nzima, na magharibi ilipoingia akakakamaa mikononi mwa mama. Mimi nilikuwa mlangoni na kikombe cha uji. Nakumbuka kisigino chake kikigonga ubao wa kitanda, ko, ko, ko, kama mtu anayebisha hodi.

Mama alitaka hospitali. Hawe akasema hapana. Na Hawe hakusema hapana kwa ubishi, alikuwa na kanuni mkononi, nayo ilikuwa wazi kama msimbo: mtoto ana homa tupu, mpeleke zahanati, mtoto ana homa na anatukutika, huyo ana nyuni, mpeleke kwa mganga wa nyuni. Na chini yake kuna onyo: mwenye nyuni hadungwi sindano. Akidungwa, anakufa.

Alipelekwa kwa mganga. Akafukizwa, akaogeshwa maji ya majani. Na akatulia! Hilo lazima niliseme kwa haki. Mitukutiko iliacha, mtoto akalala, watu wazima wakapumua. Alfajiri akakakamaa tena, safari hii akawa haamki hata akiitwa. Ndipo mama alipomfunga mgongoni, akapanda baiskeli ya jirani hadi barabarani, akadandia matatu hadi hospitali.

Aliishi. Ana miaka 23 sasa. Ana kifafa, anameza dawa kila siku, na maneno yake huja polepole, unamsubiri. Junju nzima vijana wa rika lake wanakwea minazi. Yeye haruhusiwi, maana likimjia akiwa juu amekwisha. Anaokota nazi zilizoanguka na kuzifua kwenye kijiti cha chuma, na kwa kufua nazi hakuna anayemfikia. Mama na Hawe wanapika jiko moja tangu wakati huo, na juu ya usiku ule sijawahi kuwasikia wakisema neno.

Wasomaji wangu wengi ni watu wa sayansi, kwa hivyo najua mnachotaka kusema. Ilikuwa malaria. Naam. Kimelea kiitwacho Plasmodium falciparum huingia katika chembe nyekundu za damu, na chembe hizo zikianza kunata kwenye kuta za mishipa midogo kabisa ya ubongo, mtoto anatukutika na kupoteza fahamu. Wanaopona, baadhi yao hubaki na kifafa au ulemavu mwingine. Watafiti wa KEMRI na Wellcome Trust wako Kilifi tangu 1989 na wameyaandika haya kwa miaka mingi, pamoja na jina la nyama wa dzulu lenyewe, kwa sababu waliona akina mama wakichelewa kufika hospitali na wakauliza kwa nini.

Lakini mimi nilitaka kujua kitu kingine. Ile kanuni ya Hawe ilitoka wapi? Hawe si mjinga. Nimefanya kazi na watu wenye shahada mbili ambao hawana makini yake. Kwa hivyo nikaipitia kama ninavyopitia programu yenye hitilafu, mstari kwa mstari.

Anasema nyuni huzidi baada ya masika. Kweli, mbu nao. Anasema huwashika watoto wadogo, wakubwa huwapita. Kweli, katika maeneo kama Junju mtoto akishaugua mara nyingi mwili hujifunza, na malaria kali huwaachia wachanga. Anasema wako nyuni wa aina mbili, wa kukakamaza na wa kutukutisha, na mara nyingi wa kwanza hutangulia wa pili. Daktari yeyote atakwambia ndivyo mtukutiko mkubwa unavyokwenda: kukakamaa kwanza, kisha kutukutika. Anasema moshi humtuliza. Hapa ndipo penye mtego, kwa sababu mitukutiko mingi huacha yenyewe baada ya dakika chache, uwe na moshi au usiwe nao. Ukifukiza kila mara, kila mara utaona moshi umefanya kazi.

Na sindano? Hili ndilo lililonikosesha usingizi. Mwaka 2010 ulichapishwa utafiti mkubwa uliolinganisha kwinini na dawa ya artesunate kwa watoto 5,425 wenye malaria kali, katika nchi 9 za Afrika. Waliopewa kwinini walikufa asilimia 10.9. Waliopewa artesunate, asilimia 8.5. Ndiyo sababu siku hizi artesunate ndiyo inayotumika. Lakini soma tena namba ya kwanza. Hao walikuwa hospitalini, chini ya uangalizi wa watafiti, na bado zaidi ya mmoja kati ya kumi alikufa. Sasa weka kijiji ambako mtoto hupelekwa hospitali baada ya mganga kushindwa, amechelewa usiku mzima, pengine siku mbili. Hawe aliona watoto wakienda wakiwa hai, akasikia wamedungwa sindano, akaona wakirudi wamefunikwa. Aliona sawasawa. Kila mstari katika daftari lake la kichwani ulikuwa wa kweli. Kilichokosewa ni mshale tu, kipi kimesababisha kipi. Halafu kanuni ikawa inajilisha yenyewe: kadiri watu walivyoiamini, ndivyo walivyochelewa, na kadiri walivyochelewa, ndivyo sindano ilivyoonekana kuua.

Nimewahi kuandika msimbo wa namna hiyo kazini. Nilirekebisha tatizo kwa kitu ambacho ndicho kilikuwa kinalizidisha, na takwimu zote zilikuwa upande wangu. Hakuna aliyeumia, ripoti tu zilichelewa.

Kuna jambo jingine juu ya Junju ambalo ningependa mlijue, kwa sababu watu hudhani ni kijiji cha minazi tu. Tangu katikati ya miaka ya 2000 watoto wa hapa wamefuatiliwa wiki hata wiki. Mfanyakazi wa utafiti anakuja nyumbani, anauliza kama mtoto ana homa, akiwa nayo anatobolewa kidole damu ipimwe. Huko Ngerenya, kaskazini ya mji wa Kilifi, malaria ilikaribia kwisha. Huku kwetu ikaendelea, na ndiyo maana tulifaa kuchunguzwa (sifa ya ajabu hiyo!). Mwaka 2007 chanjo ya RTS,S ilianza kujaribiwa kwa watoto 447 wa huku Kilifi, sambamba na wenzao wa Korogwe, Tanzania. Wale wa Kilifi walifuatwa miaka saba, na matokeo yakasema ukweli usiopendeza: mwaka wa kwanza kinga ilikuwa karibu asilimia 36, mwaka wa nne asilimia 2.5. Hata hivyo Shirika la Afya Duniani liliipendekeza Oktoba 2021 kwa watoto wa maeneo yenye malaria nyingi, kwa dozi nne, na chanjo ya pili, R21, ambayo pia ilijaribiwa Kilifi, ikafuata Oktoba 2023. Mdogo wangu alikuwa amekwisha kupitwa na yote hayo. Alikuwa na miaka sita majaribio yalipoanza, na waliotakiwa ni wa miezi 5 hadi 17.

Turudi chini ya mwembe. Hawe ameshika jani lake, mimi nimeshika mashine, na kumbe mdogo wangu yuko nyuma yangu na kapu la nazi. Sijui alisimama hapo muda gani. Akauliza, kwa ule upole wake wa maneno, ni nani huyo asiyeandikwa. Hakuna aliyemjibu. Akaweka kapu chini, akainama kwenye kioo cha kompyuta, akasoma mwenyewe.

"Mwandike," akasema. "Huyo ni wangu."

Akataka kujua jinsi gemu litakavyokwenda. Nikamweleza nilivyokuwa nimepanga: ndege anatokea juu, mchezaji ana upinde, akimlenga vizuri bawani anaanguka. Akatikisa kichwa. Akasema yule haonekani. Ukimwona ameshapita. Unachokiona ni mtoto tu.

"Basi mchezaji afanye nini?" nikamuuliza.

"Ambebe."

"Ampeleke wapi?"

"Hospitali." Akafikiri kidogo. "Amlaze ubavu, asimtie kijiko mdomoni. Halafu abebe. Na saa iwe inahesabu."

Mama alikuwa jikoni, ambako ukuta ni wa fito na makuti, kwa hivyo alisikia kila kitu. Alitoka na mwiko wa sima mkononi akasimama pale pale. Mdogo wangu akamgeukia akamuuliza usiku ule walitumia saa ngapi mpaka kufika, ili tujue saa ya gemu ianzie wapi. Aliuliza kama mtu anayeuliza nauli. Mama akasema hakumbuki, hakuwa na saa, alikuwa anakimbia.

"Kumi na saba," akasema Hawe.

Tukamtazama.

"Magharibi ilikuwa inaadhiniwa alipokakamaa. Mlipopokewa kule ilikuwa saa tano na nusu ya asubuhi, aliniambia yule kijana wa baiskeli. Nimezihesabu." Alikuwa ameacha kulikunja lile jani. "Zilikuwa kumi na saba."

Mama alisimama na mwiko wake. Kisha akasema sima inaungua, akaingia ndani, na Hawe akainuka akamfuata. Niliwasikia wakizungumza huko jikoni, kwa sauti ndogo, muda mrefu kuliko sima inavyohitaji. Maneno sikuyasikia, na ni haki yao.

Gemu bado halijakamilika, msiniulize litatoka lini. Mstari wa nyuni umebaki kwenye jedwali. Umbo: hauna. Mabawa na macho mekundu nimeyafuta. Saa inaanzia 17 na kurudi nyuma, na mchezaji anaweza kuzitumia zote akitaka, au akaondoka mara moja, kama ana nauli. Mdogo wangu ndiye anayejaribu kila toleo kwenye simu yake, na ameshapata hitilafu tatu nisizoziona mimi. Ya mwisho ilikuwa kwamba matatu yetu ya usiku inapita hata saa nane. Akasema hiyo ni uongo, Junju hakuna matatu saa nane za usiku, niirekebishe.